Nusu ya Kusini ya Orvanda

Katika historia yote ya biashara ya Beni, hakuna aliyewahi kumlaumu Idi, mchuuzi wa sokoni, kwa kukata. Mche mmoja wa sabuni una wateja wanne ndani yake, na mwenye meza anayekataa kuukata atakaa nao mpaka uote ndevu. Idi alikata sabuni, alikata mikate, alikata waya wa umeme kwa urefu wa mkono wa mteja. Basi siku alipofungua balo la viatu vya Ulaya, akakuta katikati ya viatu kitabu kinene chenye ramani za rangi, na mteja wa kwanza akasema ni kikubwa mno kwake, Idi alifanya lile ambalo mfanyabiashara yeyote mwenye akili timamu angelifanya. Alichukua kisu akakigawa mara mbili.

Mteja huyo alikuwa Mathe, dereva wa Fuso anayepeleka kabichi na viazi kutoka Kirumba hadi Beni. Alichukua nusu ya mbele kwa sababu ndiyo iliyokuwa na jalada, akamletea mpwa wake Abdias, aliyekuwa akisoma na kulala katika shule moja ya mapadri mjini Butembo. Mathe alidhani ni kitabu cha jiografia. Hakukosea sana. Kilikuwa jiografia tupu, yenye milima, mito, masoko, kodi, sikukuu na taratibu za ndoa. Kasoro yake moja ndogo ni kwamba nchi yenyewe haiko duniani.

Nchi hiyo iliitwa Orvanda. Ukurasa wa kwanza ulieleza kwa Kifaransa kwamba hiki ni kitabu cha mchezo: watu huketi mezani, kila mmoja hujifanya mtu wa Orvanda, na kiongozi mmoja huwaambia wengine wanachokiona njiani na kuwauliza watafanya nini. Uliongeza, bila aibu yoyote, kwamba kanuni za mchezo zimo katika kitabu kingine kinachouzwa peke yake. Kitabu kingine hakikuwapo Butembo. Wakatunga kanuni zao kwa dadu la ludo na punje za maharagwe, wakaendelea na maisha.

Aliyechaguliwa kuongoza ni Kavuo, msichana wa mtaa wa Vulamba, mwanafunzi wa mwaka wa tano, kwa sababu yeye ndiye pekee aliyesoma kila kitu mpaka maandishi madogo chini ya picha. Kavuo alikipenda kitabu kile kwa mambo yake yasiyo na faida. Alipenda kwamba katika mji wa Harl mwokaji akiunguza mkate hupiga kengele, maana mkate ulioungua ni haki ya maskini, na kwamba kuna waokaji wenye huruma ambao huunguza makusudi. Alipenda kwamba walinzi wa madaraja huoa wakati wa mvua tu. Hakuna shujaa aliyehitaji kujua habari hizo ili aue joka. Mtu fulani, mahali fulani, aliketi akaziwaza tu, akaziandika, na Kavuo alikuwa na hakika kwamba mtu huyo alikuwa amemfikiria yeye.

Abdias alipenda ramani, akazichora upya kwa kalamu mpaka sista msimamizi akaanza kumwuliza kama anataka kuwa mhandisi. Vagheni, rafiki yao wa mtaa wa Mususa, kijana mwenye mdomo mrefu kuliko siku za kufunga, alipenda kodi. Kitabu kilikuwa na mashujaa wa panga, wawindaji wa majoka na wachawi wa aina tisa, na kila mchezaji alikuwa huru kuchagua. Butembo ikachagua biashara. Hakuna aliyetaka panga. Abdias akawa mkuu wa msafara wa nyumbu, Vagheni akawa muuza chumvi kwa jumla, na joka la kwanza walilokutana nalo liliulizwa kama linahitaji ngozi za kulalia.

Padri wa shule alisikia neno wachawi likitajwa, akakichukua kitabu siku ya Ijumaa ili akichunguze. Alikirudisha Jumatatu akasema hakuona ubaya. Kisha akamvuta Kavuo pembeni, akamwuliza kwa sauti ya chini kama yule askofu mwenye vivuli viwili alisamehewa mwishowe.

Kavuo alilazimika kumjibu kwamba hajui. Habari za askofu zilikuwa kaskazini, na kaskazini hawakuwa nayo. Nusu yao iliishia kwenye Mlango wa Chumvi, njia pekee ya kuingia Orvanda ya kaskazini, na maneno ya mwisho chini ya ukurasa wa mwisho yalikuwa haya: “Usiku wa kwanza mgeni akipita Mlango wa Chumvi, wenyeji humwomba jambo moja tu, nalo ni”. Hapo ndipo kisu kilipopita.

Msafara ulifika kwenye mlango huo mwezi wa kumi na moja. Ukakaa. Kavuo angeweza kutunga jambo lolote, maana kiongozi ana ruhusa hiyo, lakini alikataa. Alisema kitabu kinajua, na kiongozi anayetunga kile ambacho kitabu kinajua ni mwizi. Nyumbu wakapiga kambi. Kila mchezaji akawa na jibu lake: wanaomba kiatu cha kushoto, wanaomba wimbo, wanaomba usingizi. Ilipofika Kwaresima Vagheni alikuwa amechoka, akatangaza kwamba chumvi yake inaliwa na umande na kwamba atageuza nyumbu kurudi Harl. Tena Abdias alikuwa mwaka wa sita. Baada ya mtihani wa serikali mwezi wa sita angeondoka, na bila mkuu wa msafara hakuna msafara. Kavuo alihesabu Jumapili zilizobaki akaona kwamba asipopata jibu kabla ya muhula wa mwisho, mchezo utafia nje ya mlango, na kosa litakuwa lake.

Hapo ndipo Mathe, aliyekuja kumwona mpwa wake na kuwakuta wakibishana juu ya ukurasa ule, alipotamka kwa utulivu wa mtu anayetafuna karanga kwamba nusu ile nyingine mwuzaji alitaka kumpa pia.

Watatu wakamtazama.

“Na weye ulisema nini, Tonton?” Abdias akamwuliza mjomba wake.

“Nilisema nusu inatosha. Mutoto ni mumoja.”

Kwa heshima ya ukoo, hayo Vagheni aliyoyasema baadaye, Mathe alipokwisha ondoka, hayataandikwa hapa.

Walikwenda Beni likizo ya Pasaka, juu ya kabichi. Wazazi waliuliza habari za barabara, ambayo bunduki huifunga bila taarifa, kama watu wengine wanavyouliza habari za mvua, wakaambiwa ni salama leo, wakatoa ruhusa ya leo. Mathe aliweka sharti moja: akipiga honi mchana, wote wawe ndani ya gari, maana yeye hapendi kukutwa njiani na jioni.

Idi walimkuta nyuma ya meza yake, akakikumbuka kitabu mara moja, kama daktari anavyokumbuka upasuaji uliofaulu.

“Nilikata vizuri,” akasema. “Kisu yangu haikatake pembeni.”

Kavuo akamwamkia vizuri, akaeleza walikotoka, akauliza nusu ya pili ilikwenda wapi. Idi akasema ilichukuliwa na batoto ya mama Hadidja, mwenye malori, nyumba ya mlango wa kijani nyuma ya msikiti. Kavuo alishukuru, akageuka, na angekwenda zake kwa furaha kama Idi hangeongeza, kwa ukarimu, kwamba ile ya katikati ndiyo iliyomsumbua.

“Ya katikati gani, papa Idi?”

“Uzi ilitoka. Njo makaratasi ya katikati ikaanguka. Sasa mutu atanunua makaratasi ya kuanguka? Nilifunga nayo karanga.”

“Yote?”

“Karanga ilikuwa mingi.”

Vagheni aliketi juu ya gunia la mtu ambaye hakumjua. Abdias akauliza, bila matumaini, kama Idi alizisoma kabla ya kuzikunja. Idi akasema maandishi yalikuwa madogo na Kifaransa kilikuwa kikubwa, lakini picha moja aliiona, kwa sababu mteja alikataa karanga zake kufungwa ndani ya picha ile akidhani ni karatasi ya serikali. Mgeni mmoja amesimama, mdomo wazi, na mbele yake watu wengi wameketi wakiandika. Idi alidhani ni tribunal, watu wa mahakama.

Hiyo ndiyo mali yote iliyopatikana sokoni. Wakaenda nayo hadi mlango wa kijani.

Mama Hadidja aliwapokea kama watu waliotoka mbali, akawakalisha mkekani, akaleta chai na sambusa, na hakuuliza neno mpaka wakala. Watoto wake walikuwa wawili. Asma alikuwa wa umri wa Kavuo, mwenye tabia ya kukutazama mpaka umalize sentensi na kidogo baada yake. Kaka yake Yassini alikuwa amemaliza shule mwaka uliopita, sasa akisaidia baba yao kwenye malori, na bado alijua mahali kila mlima wa kaskazini ulipo. Kumbe hawakujua hata kidogo kwamba ni mchezo. Ukurasa unaosema hivyo ulikuwa Butembo. Wao walikuwa wakikisoma tu, kwa sauti, nyumba nzima, saa zile za jioni ambapo hakuna ruhusa ya kutoka nje, wakifika mwisho wanaanza tena. Baba yao akiwa safarini hupiga simu akauliza wamefika mji gani.

Kavuo alifungua mfuko akatoa nusu yake. Asma akaleta ya kwake. Wakaziweka mkekani, mgongo kwa mgongo.

Kisha Asma akafungua ukurasa wake wa kwanza. Ulianza katikati ya maneno, nao walikuwa wameusoma mara nyingi bila kujua unazungumzia nini. Akausoma polepole: “nayo huandikwa siku hiyo hiyo bila mgeni kuulizwa swali, na ndiyo maana hakuna mgeni aliyewahi kurudi kusini kwa njia aliyojia.”

Huo ndio ulikuwa mkia wa jambo. Kichwa kilitoka Butembo, na tumbo lilikwisha liwa pamoja na karanga.

Wakakubaliana kusoma kila nusu kwa zamu, labda jibu limejificha mbele zaidi. Matatizo yakaanza hapo. Nusu ya kaskazini ilikuwa na sura ndefu inayoitwa Yanayojulikana Kuhusu Kusini, na Yassini, ambaye aliipenda kuliko zote, akawaeleza wageni habari za nchi yao. Kusini, alisema, kodi hukusanywa na mbuzi. Mto wa Harl hupanda mlima siku za soko. Malkia ni wa nta, na wakati wa jua kali hukaa kisimani.

“Mbuzi?” Vagheni akasema.

“Mbuzi wenye kofia.”

Vagheni alikuwa amelipa kodi ya Harl mwaka mzima, kwa maharagwe halisi, mkononi mwa Wapima Ngano, chama cha watu wazito chenye mizani ya shaba. Akauliza kwa upole wa kutisha kama Yassini anamwita mjinga. Yassini akasema yeye hamwiti mtu kitu, anasoma kilichoandikwa. Abdias akafungua ramani kuonyesha kwamba mto unashuka, tangu lini mto ukapanda. Yassini akasema labda ramani ya Butembo ndiyo imekosea, Butembo wanapenda kuuza vitu vya bandia. Sauti zikapanda mpaka Mama Hadidja akachungulia, akauliza kama kuna mutu amekufa. Akaambiwa hapana, ni mto tu. Akarudi jikoni.

Kavuo peke yake hakugombana. Aliona aibu, na aibu hiyo haikuwa juu ya wale wanaogombana. Ilikuwa juu ya kitabu. Mtu yule aliyemfikiria yeye, aliyewaza mikate iliyoungua, kumbe alisahau upande mmoja alichoandika upande mwingine, kama mwanafunzi anayenakili kazi ya majirani wawili. Miezi yote ile amewaweka wenzake nje ya mlango kwa ajili ya kitabu cha mtu asiyejali. Alitamani asingekuja. Akavuta nusu ya kaskazini karibu yake ili aone ubaya wote kwa macho yake, na kwa kuwa ndiyo tabia yake, akasoma pia maandishi madogo.

Chini ya mbuzi wenye kofia paliandikwa: kwa neno la Oduri, mchuuzi wa sindano. Chini ya mto: kwa neno la mjane mmoja aliyepita na watoto watatu. Chini ya malkia wa nta: kwa neno la askari aliyekimbia. Kila ajabu lilikuwa na msafiri aliyelisimulia, na kila msafiri alitoka kusini. Mtu wa kusini anajua wazi kwamba malkia wake ni wa nyama.

“Picha ya papa Idi,” Kavuo akasema. Wengine waliendelea kubishana. Akasema tena, kwa sauti, wakanyamaza. “Mgeni anasimama, anasema. Beye banaandika tu. Habamuulize swali.”

“Donc?” akasema Vagheni, akitaka kujua basi nini.

“Donc njo ile banamuomba. Banamuomba uongo. Uongo moja juu ya kwabo.”

Abdias alikuwa wa kwanza kuweka kidole kwenye ramani. Akasema, kama anajisemea, kwamba ikiwa kaskazini wanachora ramani kwa uongo wa wageni, basi atakayerudi akifuata ramani yao hatafika alikotoka, atafika mahali pa uongo. Ndiyo maana hakuna aliyerudi kwa njia aliyojia. Yassini akauliza wenyeji wanapata faida gani. Asma akasema labda wamechoka na habari za kweli, habari za kweli zinafika zenyewe. Kisha akamtazama Kavuo kwa ile tabia yake ya kungoja.

“Ni ya kitabu,” akauliza, “ao ni ya kwako?”

Kavuo alifikiri kwa uaminifu. Angependa kusema ni ya kitabu. Alikuwa amekataa tangu mwezi wa kumi na moja kusema lingine lolote. Lakini karatasi zenyewe zilikuwa zimetawanyika Beni nzima zikiwa na mafuta ya karanga, na hakuna atakayezisoma tena.

“Sijue,” akasema. “Kweli, sijue.”

Ilimshangaza kwamba haikumuuma. Vagheni, ambaye alikuwa amejiandaa kwa miezi kumcheka siku atakaposhindwa, alisema tu kwamba ikiwa ndivyo, chumvi yake iko tayari kupita, na mlango ufunguliwe kabla honi ya Tonton haijalia.

Kavuo akatoa dadu na maharagwe, kisha akasita. Akamweleza Asma mchezo ulivyo, kwa maneno machache, halafu akamsogezea dadu. Kaskazini ni ya Asma, akasema. Ni yeye anayeijua, basi yeye ndiye atakayeshika mlango. Asma akasema hajawahi kucheza. Kavuo akamwambia hakuna ugumu wowote, watu wanafika, unawaambia wanachokiona, na unawauliza.

Asma aliketi wima. Akajifunga mtandio upya, kama mtu anayekwenda kazini, na alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ya mlango wenyewe.

“Mumefika Mlango wa Chumvi. Iko baridi. Kuko watu saba ku meza, habawaulize majina. Banawapa maji. Banawaomba uongo moja moja juu ya kwenu.”

Yassini, ambaye hakuna aliyempa kazi, alichukua kalamu na karatasi, akawa mwandishi.

Vagheni alijitokeza kwanza na nyumbu wake. Akasema, kwa uchungu mkubwa, kwamba kwao msimamizi wa nidhamu huamsha wanafunzi kwa kuwaimbia, na asiyeamka hubebwa mgongoni mpaka darasani. Yassini akaandika bila kucheka, jambo lililomgharimu. Abdias akasema kwamba kwao mtu akimaliza mwaka wa sita haondoki. Alisema haraka, akainama kwenye ramani yake, na Vagheni akampiga kofi dogo begani ambalo lingeweza kuwa la kumtania.

Nje, upande wa soko, honi ya Fuso ikalia mara moja, ndefu.

“Na weye?” Asma akamwuliza Kavuo. “Weye uko na nani?”

Kavuo hakuwa na mtu wa kuigiza. Kiongozi hana mtu; yeye ni mvua, ni joka, ni bei ya chumvi. Ikabidi ajitungie palepale. Akasema yeye ni mwanamke aliyekuwa akitembea nyuma ya msafara tangu Harl, na hakuna aliyemwona kwa sababu hakuna aliyegeuka. Abdias akainua kichwa, akageuka kweli, akamtazama.

“Sema uongo yako, mama,” Asma akasema.

Alikuwa na uongo mwingi wa kuchekesha. Alikuwa amesoma shule ya bweni miaka mitano. Lakini watu saba walikuwa wakingoja.

“Kwetu,” akasema, “barabara haifungwake. Usubui, magaribi, usiku, mutu anaenda kwenye anataka, na anakuta bale aliacha.”

Kalamu ya Yassini ilisimama kidogo, kisha ikaandika. Hakuna aliyeuliza ni barabara ipi. Mama Hadidja alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, akisikiliza, na chai ilikuwa inapoa.

Honi ikalia tena, mara mbili, fupi. Abdias akaanza kukusanya maharagwe, maana alimjua mjomba wake. Asma hakutazama nje. Akasema kwa sauti ile ile kwamba wazee wamesimama, na mlango wa ndani umefunguliwa.

Kavuo alikuwa amevaa kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa mkononi.

“Naona nini?” akauliza.

Asma akaifunga nusu yake ya kitabu, akaiweka chini, akafumba macho ili atazame.